Kopo la Chumvi ya Ng'ombe

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Aberdeen ikiwa bado giza na madirisha yameganda barafu. Ulitoka kwa Mjomba. Kwa kweli ni mjomba wa mwenzetu mmoja tu, lakini sote tunamwita Mjomba kwa sababu ndiye anayetutunzia kondoo wetu nje kidogo ya Njoro, Kenya. Alisema polepole, kama mtu anayechagua maneno: "Wanangu, lile dume kubwa halipo tena. Wawili wengine wanakojoa mkojo mweusi kama kahawa, na macho yao yamekuwa manjano. Nisaidieni nyinyi mnaosoma."

Maneno hayo ya mwisho yalituchoma. Kwa sababu ni sisi, tunaosoma, tuliomwambia Mjomba awape kondoo wale kitu kilichokuwa kinawaua.

Wanachama wa siku nyingi wanakumbuka mradi ulivyoanza. Tulikuwa saba, tukachanga, tukanunua wanakondoo kumi na wawili waliokwisha kuachishwa ziwa, chotara wa Dorper. Mpango ulikuwa wafugwe kuanzia Julai, wauzwe Desemba, na fedha zimpeleke mdogo wake mwenzetu kidato cha kwanza shule zikifunguliwa Januari. Hatukutaka faida. Tulitaka ada, sare na godoro.

Kufikia Septemba wanakondoo walikuwa hawakui. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yapo hadi magotini, minyoo walikwisha kunyweshwa dawa, lakini Mjomba akituma picha tunaona wanyama wale wale wa Julai, mbavu nje, sufu imekauka, machozi yamechora njia usoni. Wanakula kidogo, wanasimama, wanaduwaa. Mwenzetu mmoja anayesoma sayansi ya mifugo alitazama zile picha, akatazama ramani, akapiga meza: "Nakuru! Hii ni kobalti!"

Na alikuwa na haki. Hapa itabidi wasomaji wa fasihi watuvumilie kidogo, maana kisa cha kobalti ni kizuri kuliko riwaya nyingi tulizopangiwa muhula huu.

Kondoo anahitaji kobalti kidogo mno. Katika kila kilo moja ya chakula kikavu anachokula, miligramu 0.1 hadi 0.2 zinamtosha, yaani hata ukiikusanya haja yake ya mwaka mzima haitajaza ncha ya kijiko cha chai. Wala yeye mwenyewe haitumii moja kwa moja. Wanaoitumia ni vijidudu wanaoishi katika tumbo lake kubwa la kucheulia, ambao huichukua kobalti na kuitengenezea vitamini B12. Bila vitamini hiyo kondoo hawezi kugeuza chakula kuwa nguvu. Anashiba majani huku mwili wake una njaa. Kwanza hamu ya kula inapotea, kisha damu inapungua, kisha anakonda hadi anakufa amesimama kwenye malisho mazuri. Anayeumia zaidi ni mwanakondoo anayekua, kwa sababu haja yake ni kubwa na akiba aliyorithi kwa mama ni ndogo. Kondoo mzima anastahimili zaidi, na ng'ombe anamshinda kondoo kwa kustahimili.

Wachungaji wa nyanda za Scotland waliujua ugonjwa huu zamani bila kujua sababu. Walichojua ni kwamba kuna ardhi ambayo mifugo ikiachwa hapo inanyong'onyea, na ukiihamishia bonde jingine inapona. New Zealand waliujua, na Australia waliujua. Huko Australia, watafiti wawili, Underwood na Filmer, walianza kwa kudhani ni upungufu wa chuma, kwa sababu mifugo iliyolishwa aina fulani ya udongo wenye chuma ilikuwa inapona. Lakini dozi iliyohitajika ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa dawa ya damu. Basi wakakitenganisha kile chuma na kukiondoa chote, wakawapa kondoo mabaki, na kondoo wakapona vile vile. Kilichoponya kilikuwa uchafu uliochanganyika na chuma, nao ulikuwa kobalti. Hiyo ilikuwa mwaka 1935. Vitamini B12 yenyewe ilikuja kutengwa mwaka 1948, ndipo ikaonekana kobalti imekaa katikati yake.

Na Nakuru? Katika vitabu vya zamani vya tiba ya mifugo mna ugonjwa unaoitwa nakuruitis. Ndiyo, mji wetu umeingia katika vitabu vya dunia kwa kukondesha wanyama. Udongo wa sehemu zile za Bonde la Ufa, uliotokana na majivu ya volkano, una kobalti haba, na mifugo ya mashamba ya huko ilikuwa ikidhoofika mbele ya majani tele. Huko nako shaka iliangukia chuma kwanza. Mwenzetu wa Njoro alipousoma ukurasa huo maktabani alicheka mpaka mlinzi akaja.

Kwa hiyo tulimpigia Mjomba, tukasalimia ("Shikamoo Mjomba," walisema wenzetu wa Tanga na Unguja, wa Njoro mwenyewe alisema tu "Mjomba, habari ya huko?"), tukamwambia kwa fahari ya kutosha: nenda duka la dawa za mifugo, nunua chumvi ya madini yenye kobalti. Mjomba akaenda. Akauliza kama ipo ya kondoo. Muuzaji akasema ya kondoo imekwisha, ya ng'ombe ipo, na ni ile ile tu, kopo kubwa, bei nafuu. Mjomba, ambaye ni mtu makini kuliko sisi sote, akapiga picha ya lebo na kututumia kabla ya kulipa.

Tuliikuza ile picha. Tukatafuta mstari wa kobalti. Tukaukuta. Tukamjibu: "Chukua." Mstari wa shaba ulikuwa juu yake kwa vidole viwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za sherehe. Wanakondoo walianza kula, machozi yakakauka, migongo ikajaa. Mjomba alituma picha kila Ijumaa na sisi tulizisambaza kama wazazi. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Mwisho wa Novemba akawapakia sita kwenye pikapu kuwapeleka mnadani, soko likawa baya, akawarudisha jioni ile ile, njiani jua kali na maji hakuna. Siku tatu baadaye ndipo alfajiri yetu ile ikafika.

Tumesema tutaandika hesabu hii bila kuificha. Lebo ya lile kopo ilionyesha miligramu 1,500 za shaba katika kila kilo ya chumvi. Kila kondoo alikuwa akilamba kiasi cha gramu 20 kwa siku. Zidisha, utapata miligramu 30 za shaba kila siku. Ongeza iliyomo katika majani na pumba, kama miligramu 6 hivi kwa mnyama anayekula kilo moja ya chakula kikavu, unafika 36. Sasa linganisha: kondoo anahitaji kati ya miligramu 5 na 10 hivi za shaba kwa kila kilo ya chakula kikavu. Sheria za Ulaya haziruhusu chakula kamili cha kondoo kivuke 15. Ng'ombe anaweza kupewa mara mbili ya hapo bila taabu, kwa kuwa ini lake hutoa shaba ya ziada kupitia nyongo. Ini la kondoo halijui kufanya hivyo vizuri. Linapokea, linaweka, linapokea tena, linaweka tena, kama mzee anayeficha noti chini ya godoro.

Ubaya wake ni kwamba wakati shaba inajazana kondoo haonyeshi lolote. Anakula, ananenepa, anacheza. Hata ukimpima damu, shaba ya kwenye damu inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa sababu mzigo wote uko ini. Hali hiyo huendelea kwa wiki au miezi. Kisha linatokea jambo la kumshtua mnyama: safari ya gari, kiu, njaa ya siku moja, baridi, mbwa aliyewakimbiza. Ini linaachia shaba yake kwa mkupuo, nayo ikiingia katika damu inapasua chembe nyekundu. Rangi ya damu iliyopasuka inaingia kwenye mkojo ukawa mweusi, macho na fizi zinageuka manjano, figo zinaziba. Wengi hufa ndani ya siku mbili au tatu. Daktari wa mifugo aliyempasua dume letu alikuta ini la manjano na figo zimekuwa nyeusi zenye kung'aa kama chuma cha bunduki. Hakuhitaji maabara kujua ni nini. Aliuliza swali moja tu: "Mnawapa chumvi gani?"

Walikufa watatu. Tisa walibaki, na wa kuwabakisha ni Mjomba na daktari yule, si sisi. Kopo liliondolewa siku ile ile. Wanyama wakawekwa kivulini, maji mbele yao, hakuna kuwahamisha wala kuwakimbiza. Daktari akawapa dawa yenye molibdenamu na salfa, kwa vipimo vyake mwenyewe, kwa wiki kadhaa. Tunasisitiza kwa vipimo vyake, maana ukizidisha molibdenamu unafungua mlango wa ugonjwa mwingine.

Na huo mlango mwingine ndio unaofanya jambo la shaba liwe gumu kuliko madini mengine yote. Molibdenamu na salfa zikikutana katika tumbo la kucheulia huishika shaba na kuifungia isipite kwenye damu. Katika bonde la Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, kuna malisho yaliyokuwa yakiharisha ng'ombe vibaya, na katika miaka ya 1930 ikajulikana kwamba majani yake yamejaa molibdenamu. Ng'ombe waliponywa kwa kupewa shaba. Chuma kingi nacho, hasa kinacholiwa pamoja na udongo malisho yakiwa mafupi, huizuia shaba. Kwa hiyo mtu hawezi kutazama shaba peke yake akasema inatosha au haitoshi. Lazima aulize imekaa na nani.

Maana upungufu wake nao ni balaa. Mwaka 1937, Bennetts wa Australia Magharibi alionyesha kwamba wanakondoo wanaozaliwa wakiyumba kiuno, au wasioweza kusimama kabisa, mama zao walikosa shaba wakati wa mimba. Shaba inahitajika kutengeneza utando unaofunika mishipa ya fahamu ya kijusi. Utando usipojengwa tumboni, haujengwi tena. Ukimpa mwanakondoo huyo shaba baada ya kuzaliwa unaweza kuzuia hali isizidi, lakini miguu aliyoikosa haitarudi. Basi kondoo amesimama juu ya ukuta mwembamba, upande huu kidogo mno, upande huu kingi mno, na katikati hapana nafasi ya mtu anayesoma mstari mmoja wa lebo.

Aprili iliyofuata tulikwenda, kumi na moja wetu, kusaidia msimu wa kuzaa katika shamba moja la Aberdeenshire. Mwenye shamba, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alitupa mabuti na kutugawia kazi kabla hatujamaliza kusema majina. Tulipomsimulia habari ya kopo hakushangaa. Alitupeleka stoo, akaweka mifuko miwili ya chakula sambamba, wa ng'ombe na wa kondoo, akamwambia mwenzetu mmoja asome kwa sauti. Mfuko wa kondoo ulikuwa na onyo la shaba lililochapwa kwa herufi nzito. Yeye ana kondoo wa aina mbili. Wale wenye uso mweusi wa milimani wanaivumilia shaba kidogo. Wale Texel, wenye makalio ya kutisha, hawathubutu kusogezwa hata kwenye pipa lililowahi kubeba chakula cha ng'ombe.

Akatusimulia juu ya kondoo wa North Ronaldsay, kisiwa cha Orkney kaskazini mwa Scotland. Mwaka 1832 watu wa kisiwa kile walizungushia nchi yao ukuta wa mawe ili kondoo wabaki ufukweni na mashamba yabaki ndani. Tangu hapo kondoo wale wanaishi kwa mwani. Maji yakitoka wanashuka kula, maji yakijaa wanapanda kucheua. Mwenzetu wa Paje, ambako mama zake wanalima mwani na kuukausha juani, alimkatiza: "Mwani? Kondoo?" Ndiyo. Na kwa kuwa mwani hauwapi shaba ya kutosha, miili yao katika vizazi vyote hivyo imejifunza kunyonya kila chembe inayopita. Wahamishie bara, uwalishe majani ya kawaida ambayo kondoo mwingine angekula maisha yake yote, na wanaweza kufa kwa sumu ya shaba. Tulikaa kimya hapo stoo. Wa Paje akasema, "Kumbe sumu ni mazoea."

Siku ya pili kwenye shamba lile tulijifunza kalsiamu, na tuliijifunza kwa macho. Jike lenye mimba ya pacha lilikutwa limelala kifudifudi, shingo imepinda ubavuni, linatetemeka, halitaki kuamka. Sisi tulidhani linakufa. Mwenye shamba aliligusa masikio, yalikuwa baridi, akaenda kuleta chupa ya maji ya kalsiamu iliyopashwa moto mwilini mwake, ndani ya koti, akamdunga chini ya ngozi sehemu mbili tatu. Baada ya muda usiotosha kunywa chai jike likacheua, likakojoa, likasimama likaondoka zake kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunamsumbua.

Mfupa ni ghala. Karibu kalsiamu yote ya mwili wa kondoo, asilimia 99, imo katika mifupa na meno, na fosforasi kiasi cha asilimia 80. Jike mzima wa kilo 50 asiye na mimba wala asiyenyonyesha anahitaji gramu 2 tu za kalsiamu kwa siku na fosforasi pungufu kidogo ya hapo. Mimba ikifika wiki nne za mwisho, jike wa kilo 60 anataka kama gramu 6. Akizaa na kunyonyesha, gramu 9 akiwa na mmoja, karibu 11 akiwa na pacha. Mwanakondoo wa kilo 30 anayeongezeka vizuri anataka kama gramu 6 na nusu, yaani mara tatu ya mama yake aliyepumzika ingawa uzito wake ni nusu ya ule wa mama na zaidi kidogo. Ndiyo maana kondoo mzima anaweza kuishi kwa malisho duni miaka na miaka na mfugaji akaamini malisho yake hayana kasoro. Kasoro huonekana kwa anayejenga mwili: mtoto, au mama aliyebeba mtoto. Ghala la mama hufunguliwa polepole. Haja ya pacha ikija ghafla, kabla ghala halijafunguka, jike huanguka kama tulivyoona.

Kwa mafahali wetu wa Njoro, hofu ilikuwa upande mwingine, na hili tungependa walifahamu wote wanaonenepesha kondoo wa Idd, iwe Lamu, Tanga au Muscat. Majani mengi yana kalsiamu kuliko fosforasi. Pumba na nafaka ni kinyume kabisa: pumba ya ngano ina fosforasi mara nyingi zaidi ya kalsiamu, na magnesiamu juu yake. Kondoo dume akilishwa pumba au shayiri tupu kwa wiki nyingi, fosforasi ya ziada hutokea kwenye mkojo, hugandamana ikawa mchanga na vijiwe, navyo hukwama katika njia ya mkojo ambayo kwa dume ni nyembamba na yenye kona. Aliyehasiwa mapema ana njia nyembamba zaidi. Utamwona anakamua, anapiga mateke tumboni, matone mawili matatu yanatoka, kisha hakuna. Kibofu kikipasuka, Idd yake imekwisha. Kinga si ya gharama: kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi katika mlo mzima, na hilo hupatikana kwa kuongeza unga wa chokaa ya mifugo kwenye pumba, majani ya jamii ya kunde kama lusini, chumvi ya kawaida ili anywe, na maji safi yasiyokauka. Mwenzetu mwenye ndugu Oman anasema kule shayiri hutolewa kwa ukarimu mno wiki za mwisho, na kila mwaka kuna dume la jirani linalofia zizini siku mbili kabla ya sikukuu.

Magnesiamu ni habari ya huku zaidi kuliko ya kwetu. Majani mabichi ya machipuko, yaliyonyweshwa mbolea ya potasiamu, humnyima jike anayenyonyesha magnesiamu, na kwa kuwa mwili hauna ghala la kulifungua haraka, anaweza kuanguka na kutapatapa na kufa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Tuliiona kwenye daftari la shamba, hatukuiona kwa macho, na hatulalamiki.

Seleniamu ni ndugu wa shaba kwa tabia: chini ya miligramu 0.1 kwa kilo ya chakula misuli ya mwanakondoo hupauka na kukakamaa, hata ya moyo. Ikizidi kidogo tu inakuwa sumu. Usimdunge mnyama seleniamu kwa kusikia. Madini joto tunayajua sote kwa chumvi ya dukani na kwa mashangazi wa nyanda za juu wenye tezi shingoni. Kwa kondoo huonekana kwa watoto wanaozaliwa wafu au dhaifu, koo limevimba, hasa mama akilishwa mabaki ya kabichi kwa wingi. Zinki inahitajika kwa ngozi, kwato na korodani za dume kijana. Chuma, kwa kondoo anayetembea ardhini, si jambo la kukosesha usingizi.

Kuhusu magadi tulibishana nusu ya mkutano. Wazee wetu wengi huwapa mifugo magadi, na mifugo huyapenda, na hapana shaka yanatoa sodiamu, ambayo majani mengi ya nchi za joto hayana ya kutosha. Lakini magadi si chumvi ya mezani na si chumvi ya madini. Hayana fosforasi ya maana, hayatibu ukosefu wa kobalti, na yale ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi inayoharibu meno. Wa Tanga alisema bibi yake amefuga kwa magadi miaka hamsini. Tulimuuliza kondoo wa bibi wanazaa mara ngapi pacha. Alijibu swali hilo halikuwa la adabu.

Tunarudi Njoro. Mjomba hakutukasirikia, na hilo lilikuwa zito zaidi kuliko angetukasirikia. Alisema tu kwamba sasa kila lebo ataituma mara mbili, na mara ya pili tumsomee kwa sauti, mstari mmoja mmoja. Tunafanya hivyo. Tisa waliobaki waliuzwa Machi badala ya Desemba, kwa sababu daktari alikataa wasafirishwe mapema. Fedha zilipungua ada kwa pengo la kondoo watatu. Tulilijaza kwa kuuza sambusa kwenye usiku wa utamaduni, mnakumbuka foleni ile, na mdogo wake mwenzetu aliingia kidato cha kwanza wiki tisa baada ya wenzake. Shule ilimpokea. Hesabu bado inamsumbua kwa sababu ya zile wiki tisa.

Msimu huu Mjomba amenunua wanane kwa fedha zake mwenyewe. Ametengeneza kisanduku cha mbao chenye paa la bati, mvua isikijaze, kimo cha kifua cha kondoo, na ndani yake mna chumvi ya madini iliyoandikwa kondoo, yenye kobalti, isiyoongezwa shaba. Hupima kila Jumatatu imepungua kiasi gani, akagawanya kwa wanane na kwa siku saba, akaandika nyuma ya kalenda. Kopo la zamani hakulitupa. Amempa jirani mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, na juu ya kifuniko ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake: NG'OMBE PEKE YAKE.